Maswali na Majibu: Nimepungua kilo 9, siku zangu zimepotea

Barua za safari hii zote zinahusu kupunguza mwili na mzunguko wa hedhi. Majina tumeyaondoa, na zile ndefu tumezifupisha.

Januari nilikuwa na kilo 70. Asubuhi nanywa chai ya rangi bila sukari, saa nane mchana nakula kifua cha kuku cha kuchemsha na kachumbari, jioni matunda. Jimu siku sita kwa wiki. Aprili nilifika kilo 61 na nimebaki hapo. Februari siku zangu zilichelewa, Machi yalikuja matone tu, tangu hapo kimya, na huu ni Julai. Nimepima mimba mara mbili, hakuna. Kinachonishangaza, rafiki yangu ni mwembamba kuliko mimi na anaona siku zake kama kawaida. Nina miaka 27. (Msomaji, Tabata)

Dada, tuanze na huyo rafiki yako, maana jibu liko kwake. Yeye ni mwembamba lakini anakula kinachomtosha. Wewe una mwili kumzidi, ila chakula chako hakitoshi. Kwa mtu anayejinyima, kinachosimamisha hedhi ni zaidi ile nishati inayobaki kila siku baada ya mazoezi kuchukua fungu lake, kuliko kilo zinazosomeka kwenye mizani.

Sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni yake kwa mapigo. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko ni pigo moja kila dakika 60 hadi 90 hivi. Kila pigo huiamsha tezi ya pituitari itoe LH na FSH, homoni mbili zinazokuza yai ndani ya ovari. Chakula kikipungua sana, insulini hushuka, leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili hushuka, na kotisoli, homoni ya msongo, hupanda. Haipothalamasi ikipata habari hizo huelewa kuwa kuna njaa, na mapigo huwa ya nadra. Kwanza nusu ya pili ya mzunguko hufupika, na hilo mwanamke mwenyewe anaweza asiligundue kwa kuwa damu bado inakuja. Kisha yai linaacha kupevuka, tarehe zinayumba, damu inakuwa matone. Mwisho estrojeni inakuwa chache kiasi kwamba ukuta wa mji wa mimba haujengeki, na usipojengeka hakuna cha kutoka. Februari, Machi na Aprili zako zimefuata njia hiyo hatua kwa hatua.

Sasa hesabu. Uzito wako ni kilo 61. Tukichukulia mafuta ni robo yake, sehemu isiyo mafuta ni kama kilo 46. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 29 wenye hedhi ya kawaida waliopewa viwango tofauti vya chakula kwa siku tano tano. Nishati iliyobaki baada ya mazoezi ilipoteremka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, mapigo ya LH yalivurugika. Siku tano tu. Kiwango cha kuuweka mwili sawa huchukuliwa kuwa 45. Kwako wewe, 30 ni kalori 1,380 na 45 ni 2,070. Mlo ulioutaja unakadiriwa kuwa kalori 900. Toa 300 za jimu, zinabaki 600, ambazo ni 13 kwa kilo. Hiyo 30 isichukuliwe kama ukuta, maana kuna wanaopoteza hedhi wakiwa juu yake na wengine hustahimili chini yake kwa muda. Lakini 13 haina ubishi.

Cha kufanya. Usirukie kula mara tatu ya ulivyozoea, tumbo litakataa na woga utakurudisha nyuma. Ongeza kalori 300 hadi 500 kwa siku, zikae hapo wiki moja au mbili, kisha ongeza tena mpaka ukaribie zile 2,000. Nusu parachichi kubwa ni kama kalori 160, kiganja cha karanga (gramu 30) ni 170, glasi ya maziwa ya mililita 250 ni 150. Hivyo vitatu tu vinakupa 480 bila kugusa sahani yako ya mchana. Halafu rudisha wanga: ugali, wali, viazi, ndizi za kupika, katika kila mlo. Kifungua kinywa kiwe ndani ya saa moja baada ya kuamka, chai ya rangi si kifungua kinywa. Jimu iwe siku tatu, dakika 30 hadi 45, na yale mazoezi ya kuruka na kukimbia mpaka unahema yapumzike kwanza.

Wengi hukwama mahali palepale. Anaambiwa aongeze chakula, anaongeza mchicha na matango. Tumbo linajaa, kalori haziongezeki. Mwingine anaongeza chakula na mazoezi kwa pamoja, hivyo pengo linabaki lilelile. Mwingine anapanda kilo moja na nusu wiki ya kwanza, anatishika na kuacha, kumbe sehemu kubwa ya hiyo ni maji na akiba ya wanga iliyorudi kwenye misuli na ini. Tarajia uzito kupanda kiasi. Mara nyingi hedhi hairudi mpaka mtu afike karibu na uzito aliokuwa nao ilipokatika, pengine juu yake kidogo. Kwa wengi huchukua miezi mitatu hadi sita ya kula vizuri, wengine zaidi. Na kumbuka yai hupevuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana, kwa hiyo unaweza kushika mimba ukiwa bado unaisubiri hedhi irudi. Kama huhitaji mtoto sasa, tumia kinga.

Pamoja na hayo yote, nenda hospitali. Kanuni ni hii: aliyekuwa na mzunguko wa kawaida akikosa siku zake miezi mitatu apimwe, na ambaye mzunguko wake haukuwahi kutulia asizidishe sita. Wataanza na mimba tena (kipimo cha mkojo huaminika wiki tatu baada ya tendo la mwisho bila kinga), kisha homoni ya tezi ya shingo, prolaktini, FSH, estrojeni na picha ya ultrasaundi. Ukiwa na maziwa yanayotoka bila kunyonyesha, maumivu ya kichwa yanayoambatana na kuona vibaya pembeni, au unazimia, usingoje miezi. Na kama unajitapisha baada ya kula au unakunywa zile chai za kukuendesha tumbo ili upungue, mwambie daktari bila kuficha, kwa kuwa potasiamu ikishuka moyo unaweza kugoma.

Mimi pia hedhi ilikatika baada ya dayati. Nilipewa vidonge vya uzazi wa mpango na sasa damu inakuja kila baada ya siku 28, haikosei hata siku. Nimepona? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Damu unayoiona inaletwa na vidonge. Kwa wiki tatu vinaujenga ukuta wa mji wa mimba, ile wiki ya vidonge visivyo na dawa homoni inakatika na ukuta unatoka. Hata haipothalamasi ingekuwa imelala usingizi mzito, damu ingekuja vilevile. Tena hiyo dalili pekee iliyokuwa ikikuonya sasa imefunikwa.

Mwongozo wa mwaka 2017 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, uko wazi: vidonge hivi visitolewe kwa lengo tu la kurudisha damu au kuokoa mifupa kwa mwanamke wa aina yako. Tiba ya kwanza ni chakula, kupunguza mazoezi na kushughulikia msongo wa mawazo. Mwili ukishindwa kurudi baada ya miezi 6 hadi 12 ya jitihada hizo, ndipo hufikiriwa estrojeni ya kubandika kwenye ngozi kwa muda mfupi, pamoja na projesteroni ya kumeza kwa vipindi.

Mifupa ndiyo sababu ya sisi kusisitiza. Estrojeni ndiyo inayozuia mfupa usiliwe upesi kuliko unavyojengwa. Ikikosekana kwa miezi mingi mwanamke wa miaka 25 hupoteza mfupa, na sehemu yake huenda isirudi hata hedhi ikirudi. Uliza kama kipimo cha uzito wa mifupa kinapatikana ikiwa hedhi yako ya asili ilikatika miezi sita au zaidi. Kalsiamu unayohitaji ni miligramu 1,000 kwa siku. Maziwa, na dagaa wanaoliwa na miiba yao, husaidia sana kufikia hapo.

Kama unatumia vidonge kwa kuzuia mimba, endelea. Ila usivitumie kama ushahidi wa kupona.

Natumia sindano ya miezi mitatu, na nimepungua kilo 4 kwa kupunguza wanga. Sioni siku zangu. Ni dayati? (Msomaji, Dodoma)

Karibu hakika ni sindano. Baada ya mwaka mmoja wa kuitumia, wanawake kama 4 hadi 5 kati ya 10 hawaoni hedhi kabisa. Damu chafu haijajikusanya popote, kama wanavyosema mtaani. Ukuta ni mwembamba tu, hauna cha kutoa. Ukiiacha, mpe mwili muda, kwani uwezo wa kushika mimba kwa kawaida hurudi kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, wengine mapema, wengine baadaye. Kilo 4 taratibu huku unakula milo mitatu hazina neno.

Shikamooni. Binti yangu ana miaka 16, yuko shule ya bweni na anakimbia mbio ndefu, kilomita 15 karibu kila siku. Hajawahi kuona siku zake. Kocha anasema ndiyo kawaida ya wanariadha, ni dalili kuwa mwili umeiva kwa mbio. Sasa analalamika maumivu ya mfupa wa muundi. (Mama, Eldoret)

Marahaba, mama. Kocha amekosea, na hili halisubiri likizo ya mwisho wa mwaka. Msichana aliyefika miaka 15 bila hedhi anapaswa kuchunguzwa, awe mwanariadha au la. Anayefika 13 bila dalili yoyote ya matiti naye vivyo hivyo. Zipo sababu zisizohusiana na mbio kabisa, za maumbile na za tezi, kwa hiyo tusimhukumu chakula kabla daktari hajamwona.

Lakini hebu tupige hesabu ya mlo wake. Tuseme ana kilo 46, na isiyo mafuta ni kilo 39. Kukimbia hugharimu takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, hivyo kilomita 15 ni kama 690. Ongeza 45 mara 39, ambayo ni 1,755. Jumla anahitaji karibu kalori 2,450 kila siku ya mazoezi, na bado anakua. Uji asubuhi, githeri mchana, ugali na sukuma wiki jioni: kwa mwenzake anayekaa darasani huenda vikatosha. Kwake havifiki, hasa akitoka saa kumi na moja alfajiri na tumbo tupu na kukuta uji umebaki wa chini ya sufuria.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi kuhusu upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo: huathiri hedhi, mifupa, kinga ya mwili, damu, na hata kasi yenyewe ya mwanariadha. Kwa hiyo kocha anayetaka medali ana sababu yake mwenyewe ya kusikiliza. Maumivu ya muundi yanayouma mahali pamoja hata akibonyeza kwa kidole yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Asikimbie mpaka apigwe picha, na mjue kuwa eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa huo. Picha ikiwa safi na bado anaumwa, apumzike vilevile na arudi.

Zungumzeni na shule apewe vitu vinavyokaa kwenye sanduku bila kuharibika: njugu karanga, siagi ya karanga, maziwa ya unga, ndizi mkimtembelea. Ndizi mbili kabla ya kukimbia ni kama kalori 200. Maziwa na mayai mawili ya kuchemsha ndani ya saa moja baada ya kukimbia huongeza 300. Mursik nayo ni maziwa, isidharauliwe. Apimwe pia damu, kwa kuwa wasichana wanaokimbia hupungukiwa madini ya chuma kwa urahisi. Asipewe vidonge vya kuleta hedhi ili mambo yaonekane sawa.

Nina miaka 31, kilo 88, hedhi huja mara nne kwa mwaka, na nimeota ndevu kidevuni. Ultrasaundi imesema ovari zina vifuko vingi. Nimeambiwa nipungue. Nikisoma kwamba kujinyima hukata hedhi, nachanganyikiwa. (Msomaji, Mombasa)

Una haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu wewe na dada wa Tabata mnalalamikia jambo moja lakini mmelifikia kwa njia mbili zilizopishana. Yeye mapigo ya ubongo yamefifia. Wewe, ikiwa ni PCOS (tatizo la homoni linaloambatana na ovari zenye vifuko vingi) kama barua yako inavyoashiria, insulini iliyo juu inazisukuma ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi, na yai halifiki mwisho wa safari. Ndevu zinatokana na hizo homoni. Estrojeni kwako ipo, tena mafuta ya mwili yenyewe hutengeneza nyingine. Kinachokosekana ni projesteroni ya kuusafisha ukuta wa mji wa mimba, kwa hiyo ukuta huo unazidi kuwa mnene. Ndiyo maana zikipita siku 90 bila damu unatakiwa kumwona daktari. Ukuta unaokaa miaka bila kutoka huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba.

Picha peke yake haitoshi kuthibitisha. Vigezo vya Rotterdam vya mwaka 2003 hutaka viwili kati ya vitatu: yai kutopevuka vizuri, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Wewe unavyo vyote. Kuna wanawake wembamba waliokata hedhi kwa njaa, ambao ovari zao nazo huonekana na vifuko, wakaambiwa wana PCOS na wakaagizwa wapungue zaidi. Hapo dawa inakuwa ndio ugonjwa.

Kwako kupungua kunasaidia, na si lazima ufike kilo 60. Asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4.4 hadi 8.8, mara nyingi hutosha kurudisha upevukaji wa yai kwa wenye uzito mkubwa. Punguza kalori kama 500 kwa siku, upate nusu kilo kwa wiki. Kilo 4.4 ni wiki tisa hivi. Anza na vinywaji: vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni kama gramu 48, karibu kalori 190. Soda ya mililita 300 ni 125 nyingine. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko kikubwa, kila kimoja ni kalori 120, usimimine kutoka kwenye dumu. Mahamri si haramu, yawe mawili badala ya matano. Mboga nusu ya sahani, samaki au maharage robo, wali au ugali robo. Usishuke chini ya kalori 1,400 bila mtaalamu. Ukijinyima sana utaongeza tatizo la Tabata juu ya lako. Na mzunguko ukianza kurudi, mimba nayo inawezekana.

Natumia sindano ya kila wiki ya kupunguza mwili na vidonge vya uzazi wa mpango. Nimesikia watu wanashika mimba. Kweli? (Msomaji, Nairobi)

Kweli. Yai lililolala linaweza kuamka uzito ukishuka. Kama sindano yako ni tirzepatide, pia hupunguza kiasi cha kidonge kinachoingia mwilini, kwa hiyo tumia kondomu wiki nne baada ya kuanza na wiki nne kila dozi inapopandishwa, au hamia kijiti au kitanzi. Sindano ya aina nyingine, semaglutide, haijaonyesha kasoro hiyo, lakini ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza kidonge, meza kingine. Ukipanga mimba, acha semaglutide angalau miezi miwili kabla, tirzepatide angalau mwezi mmoja.

Kila nikikaribia siku zangu napanda kilo moja na nusu na njaa inazidi. Dayati imeharibika? (Msomaji, Kampala)

Hayo ni maji, pamoja na choo kinachokuwa kigumu wakati projesteroni iko juu. Njaa ya siku hizo nayo ni ya kweli, homoni ndiyo inayoiamsha. Ongeza kalori 100 au 200, kama ndizi moja na yai moja, kuliko kujizuia mchana kutwa kisha usiku ukamaliza mkate mzima. Jipime siku ya tano ya hedhi mwezi huu, na siku ya tano mwezi ujao. Hizo namba mbili ndizo za kulinganisha.